Daraja la Jinja na Sisi Watu wa Ziwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Huenda mtu akauliza: daraja la Jinja liko Uganda, latuhusu nini sisi wa Kisumu? Twajibu kwamba latuhusu sana, kwa maana liliwaondolea wengi wa babu zetu kazi iliyowalisha.

Hapo kale mto Nile ulizigawa nchi mbili, Buganda upande wa magharibi na Busoga upande wa mashariki, na watu walivuka kwa mitumbwi. Jina la Jinja lenyewe latokana na mawe yaliyokuwa mahali maji yatokapo ziwani. John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862, lakini wenyeji walikuwa wakivua samaki katika maporomoko hayo tangu zamani za mababu zao.

Reli kutoka Mombasa ilifika kwetu mwezi wa Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence. Hapo ndipo reli ilipokoma. Kila mzigo wa Uganda ulishushwa hapa, ukabebwa mabegani, ukapakiwa katika meli kama Winifred na Sybil, kisha ukavushwa ziwa. Pamba na kahawa za Uganda nazo zilirudi kwa njia iyo hiyo. Basi mpagazi, baharia, fundi, na mama muuza chakula, wote walikula kwa sababu ya gati.

Baadaye reli nyingine ilijengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret kwenda Uganda. Kizuizi kikubwa kilichobaki ni mto Nile. Mwaka 1931 daraja la reli lilipokamilika pale Jinja, gari la moshi likaingia Kampala bila kupita Kisumu. Mzigo uliokuwa ukishuka mbele ya macho yetu sasa ulipita mbali nasi. Ziwa halikukauka, wala mikono yetu haikulegea. Njia ndiyo iliyohama.

Wala Jinja haikuishia hapo. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls, na barabara kuu ikapita juu yake. Maporomoko aliyoyaona Speke yalizama, lakini umeme ukapatikana, na sehemu yake ikaletwa hata Kenya. Vijana wengi wa Nyanza walikwenda Jinja kutafuta kazi, na huenda baadhi yenu hapa mliletewa karo kutoka huko. Ndivyo ulimwengu ulivyo: mji wa daraja lililomnyima baba kazi ndiko mtoto alikokwenda kuajiriwa.

Magari yalivuka juu ya bwawa kwa miaka 64, nayo yakazidi uzito kila mwaka. Kama njia ile ingalikatika, bidhaa za Mombasa ziendazo Kampala, Rwanda na Kongo zingalitaabika. Kwa hiyo daraja jipya la barabara, lenye urefu wa mita 525, lilijengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Nasi pia hatukusahauliwa kabisa, kwani mwaka 2019 meli Uhuru ilianza tena kuvusha mizigo kutoka Kisumu baada ya kulala miaka mingi.

Wazee wetu, hatukuja kulilaumu daraja. Mwenye kujenga daraja hutazama ng'ambo, wala hamwoni mpagazi aliyeachwa gatini. Kumwona huyo ni kazi ya ndugu zake, na ndiyo sababu ya kuwapo chama kama hiki.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, yaandikwe majina ya wazee waliofanya kazi gatini, melini na Jinja, kabla ya wanaowakumbuka kutuondokea. Pili, sehemu ya akiba yetu iwasomeshe vijana ufundi ambao mtu aweza kwenda nao popote njia ihamiapo. Akiba haiozi, na ufundi hauhitaji gati.