Chuo Kilichoanza na Wanafunzi Wawili
(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia)



Kila tukiwatembelea tunaulizwa swali moja: "Bila mfadhili tutaanzaje?" Ni swali la haki. Lakini sisi tumeona mashine ya kusaga imelala na kutu baada ya mfadhili kwenda zake. Basi leo tumewaletea habari ya mbali, ya chuo cha kufundishia wachungaji wa Kipresbiteri huko Pyongyang, Korea. Sisi ni Wakatoliki, ndiyo, lakini mbegu nzuri huazimwa hata kwa jirani.

Mwaka 1890 wamisionari vijana waliokuwa Korea walimwita mzee mmoja, John Nevius, aliyefanya kazi China miaka mingi. Akawapa shauri: Wakorea wahubiri wenyewe, wajitawale wenyewe, na wawalipe watumishi wao wenyewe. Kanisa lisijengwe kubwa kuliko mfuko wa wenyeji. Kijiji cha Sorae kilifanya hivyo mwaka 1895: waumini walijenga kanisa lao kwa mali yao.

Watu walikuwa maskini. Sasa pesa zilitoka wapi? Sikilizeni, akina mama. Mama akipika, alitoa konzi moja ya mchele kabla ya kuutia chunguni, akaiweka kando. Baadaye mchele ule ulipelekwa kanisani. Asiyekuwa na kitu alitoa siku: aliahidi siku kadhaa za kwenda kuhubiri vijiji vya jirani bila malipo.

Mwaka 1901 mmisionari Mmarekani, Samuel Moffett, alianza kufundisha nyumbani kwake Pyongyang. Wanafunzi walikuwa wangapi? Wawili tu! Masomo yalichukua miaka mitano, lakini darasani walikaa miezi mitatu hivi kwa mwaka. Miezi mingine walirudi kuhudumia makanisa yao. Hivyo elimu haikuwatenga na watu wao.

Mwaka 1907 wakahitimu saba wa kwanza, na mwaka huo huo wakawekewa mikono kuwa wachungaji. Mmoja, Suh Kyung-jo, alitoka Sorae. Mwingine, Yi Ki-pung, alitumwa kisiwa cha Jeju. Je, mmeona? Kanisa lenye wachungaji saba tu tayari linatuma mmoja kwa wengine!

Tusifiche kitu: pesa za jengo la chuo zilitoka Marekani, na walimu wengi walikuwa wageni. Hiyo si dhambi. Lakini ngojeni kidogo.

Japani iliitwaa Korea mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 serikali hiyo ililazimisha watu wote, hata shule, wainame mbele ya madhabahu ya Kishinto. Wengine walisema ni heshima ya kiraia tu. Hata Roma iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani hivyo mwaka 1936. Septemba 1938 mkutano mkuu wa Wapresbiteri wenyewe, huku polisi wamekaa ndani, ulipitisha kwamba inafaa. Chuo kilikataa. Mwaka huo kikafungwa. Mmoja wa wahitimu wake, mchungaji Ju Gi-cheol, alikataa kuinama akafia gerezani mwaka 1944.

Basi chuo kilikufa? Jengo lilibaki. Lakini makanisa ya vijijini hayakungoja pesa za nje ili yapumue, maana yalizoea konzi ya mchele. Vita vya 1950 hadi 1953 vikawafukuza waumini wengi wa kaskazini hadi kusini, nao wakabeba desturi yao. Leo vyuo viwili vikubwa mjini Seoul, Chongshin na Chuo Kikuu cha Kipresbiteri cha Thiolojia, vyote huhesabu mwanzo wao mwaka ule wa 1901. Kwa nini viwili? Kwa sababu mwaka 1959 kanisa liligawanyika kwa ugomvi. Njaa na polisi hawakuwamaliza, lakini kutosikilizana kuliwapasua. Vikundi vyetu vijihadhari hapo.

Sisi hatusemi mfadhili afukuzwe. Akileta bomba la maji, tushukuru. Lakini anachotoa mgeni kinaweza kufungwa siku moja. Mnachotoa ninyi kila juma, hata kikiwa konzi, hakuna wa kukifunga.

Kabla ya kuagana, kaeni na kikundi mjiulize:
1. Mfadhili wetu akiondoka kesho, ni kazi gani itaendelea?
2. Konzi yetu ya mchele ni nini: mahindi, mayai, au siku ya kazi?
3. Tukimpeleka mmoja wetu mafunzoni, atarudi kwetu?

Msiogope kuanza wawili.