Mtoto Mwenye Selimundu na Shule Yake



Jambo nililolichagua lazigusa nyumba nyingi za hapa Uganda, nalo ni hali ya mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu awapo shuleni.

Uchunguzi wa damu za watoto wadogo wa Uganda, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa watoto 13 hivi katika kila 100 walichukua urithi wa ugonjwa huu, na 7 hivi katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto huupata kwa baba na kwa mama pamoja. Basi asilaumiwe mama peke yake. Wala hauambukizi, wala si uchawi.

Chembe nyekundu za damu ya mtoto huyu hugeuka zikawa na umbo la mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Hapo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Kiu, baridi, homa na uchovu uliozidi huyaamsha maumivu hayo.

Sasa zitazameni kanuni za shule nyingi. Maji hayanywewi darasani. Kwenda haja hungojewa kengele. Alfajiri watoto husimama uwanjani katika baridi, na mwenye kosa huamriwa kukimbia. Kwa mtoto mzima hizo ni adabu. Kwa huyu zaweza kuwa njia ya hospitali. Tena figo zake hazina nguvu ya kuyazuia maji mwilini, kwa hiyo hana budi kunywa sana na kutoka mara kwa mara. Mwalimu asiyeyajua hayo humwita mvivu, na kiboko hufuata.

Ni nani basi atakayemweleza mwalimu, isipokuwa mzazi? Wako wanaoificha habari hii, wakichelea mtoto kunyimwa nafasi, au binti kukosa mchumba. Hofu yao yafahamika. Lakini siri iliyofichwa mwalimu mchana, imefichwa pia msimamizi wa bweni usiku, mtoto apandapo homa. Na homa ya mtoto huyu haingojei asubuhi, kwa kuwa wengu wake umedhoofika na hauwezi kumkinga na vijidudu. Vivyo hivyo akipumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile.

Kwa hiyo yatupasa kwenda shuleni na barua ya daktari, na kumwomba mwalimu mkuu mambo machache yaliyo dhahiri: mtoto awe na maji yake darasani, aruhusiwe kutoka ahitajipo, avae sweta siku za baridi, apumzike achokapo michezoni, asipigwe wala asikimbizwe, na akiugua mzazi apigiwe simu bila kukawia. Yaandikwe, nakala apewe mwalimu wa darasa na msimamizi wa bweni. Kila muhula twende tena, maana walimu hubadilika. Tukikataliwa, iko kamati ya shule, na juu yake afisa wa elimu wa wilaya. Katiba ya mwaka 1995 imempa kila mtu haki ya elimu. Tuseme kwa upole, ila tusiondoke bila jibu.

Katika shule zetu za Kiislamu nina neno moja zaidi. Mwezi wa Ramadhani, asiyebaleghe hajalazimika kufunga, na mgonjwa amepewa ruhusa. Basi mtoto huyu asitiwe haya kwa kunywa maji mbele ya wenzake. Mwalimu na awaeleze darasa zima mapema, kabla mzaha haujaanza.

Nanyi mlio katika kamati za shule, msingoje mzazi aje akilia. Mwanzo wa muhula waulizeni wazazi wote, kwa siri na kwa heshima, ni mtoto gani ana maradhi yanayohitaji uangalizi. Swali hilo haligharimu hata shilingi moja, na laweza kuokoa roho.