Kiinua Mgongo cha Bwana Mkubwa



Leo tutazame kiinua mgongo cha bwana mkubwa. Huko Marekani, Novemba 2011, kampuni ya American Airlines ilikimbilia kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Februari 2012 ikatangaza nia ya kupunguza kazi 13,000. Mwaka uliofuata ikapatana na US Airways kuungana, na mkuu wake, Bwana Tom Horton, akatengewa kiinua mgongo cha karibu dola milioni 20, pamoja na safari za ndege bure.

Sheria yao ya 2005 yasema kampuni iliyo chini ya kinga hiyo isimpe mkubwa zaidi ya mara 10 ya wastani wa wanachopewa wafanyakazi wa kawaida wanaoachishwa. Kampuni ikajibu: mlipaji ni kampuni mpya, sheria haihusiki. Ati! Twauliza, kampuni mpya imetoka wapi kama si jasho la wale wale?

Machi 2013 Jaji Sean Lane aliukubali muungano, malipo hayo akakataa kuyaidhinisha. Twampongeza. Lakini mkono wa jaji huishia mlangoni pa mahakama. Muungano ulipotimia Desemba 2013, kampuni mpya ikawa na bodi yake, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bwana Horton mwenyewe.