Vazi Letu na Jasho la Jirani

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Tunduma)





Nimeombwa niseme juu ya mavazi. Huenda baadhi yenu mnajiuliza Tume ya Haki na Amani inahusikaje na shati na gauni. Inahusika, kwa kuwa kila vazi hupita katika mikono ya watu kabla ya kufika mabegani mwetu, na haki ya watu hao ni wajibu wetu.

Tuanze na historia yetu. Katika karne ya 19, wenyeji wa Ufipa na bonde la Rukwa, ambalo sehemu yake imo katika mkoa wetu wa Songwe, walisokota pamba na kufuma nguo zao wenyewe. Kazi hiyo ilififia kadiri vitambaa vya viwandani vilivyoingia kutoka ng'ambo, ikiwemo merikani, iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Baada ya Uhuru, Taifa lilijaribu tena. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na vingine vikajengwa Mwanza, Musoma na Arusha. Masharti ya biashara yalipolegezwa katika miaka ya 1980, mitumba ilijaa masokoni, na viwanda vilivyokuwa vimekwisha kuchoka vikazidi kudhoofika. Hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kufumwa.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, nasi tukalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikanyang'anywa nafuu ya ushuru kwa nguo inazouza Marekani. Mnaona basi kwamba shati si jambo dogo.

Je, tuilaani mitumba? La. Mama anayetandaza nguo juu ya turubai sokoni anasomesha watoto, na nguo inayovaliwa mara ya pili imeokolewa isitupwe. Wala nguo mpya si safi daima. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, lakini waliamriwa kuingia kazini.

Ni rahisi kuwalaumu walio mbali. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya sherehe. Tulimpa fundi cherehani kazi ya kushona sare za kwaya. Tulimpunguzia bei tukisema ni kazi ya Mungu, tukamhimiza akeshe, kisha tukamlipa nusu. Nusu iliyobaki ilikaa miezi mitatu. Siku ya sherehe tuliimba tumependeza, lakini yeye hakuonekana kanisani. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole kwamba asubuhi ile alikuwa akimkwepa mwenye nyumba wake. Tangu hapo sare ile ilikuwa nzito mwilini mwangu. Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu, mimi niliuvaa.

Tena wapo wajane wanaokopa fedha ili wapate kitenge cha sikukuu, na wengine hubaki nyumbani kwa kukikosa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Je, ya mkopo itamsitiri mama ambaye watoto wake wanalala na njaa?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne:

1. Sare moja itumike miaka mingi, wala asiwepo mtu wa kuzuiwa kushiriki kwa kukosa sare.

2. Bei ya fundi iandikwe. Apewe kianzio, na amaliziwe siku ya kukabidhi kazi.

3. Kabla ya kununua tujiulize: Ninaihitaji? Itadumu? Nani aliishona? Mwenye uwezo achague kitambaa cha pamba kilichofumwa nchini, kishonwe na fundi wa hapa.

4. Vijana wafundishwe kutia viraka, kupunguza na kugeuza nguo. Nguo chakavu zisichomwe ovyo uani: nailoni na poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na moshi wake hudhuru.

Haya hayatafufua viwanda kesho. Lakini fundi wa jirani atalipwa kesho, tukiamua leo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogondogo:

(a) Je, kuna fundi tunayemdai kazi huku tukiwa na deni lake?

(b) Sare yetu ya mwisho ilimgharimu nini aliye maskini kuliko wote kati yetu?