Heshima ni Kutazama Mara ya Pili

Somo: Yakobo 2:1-9

 

Leo tulifikiri neno moja la Kiingereza ambalo watoto wetu hufundishwa shuleni, neno “respect”. Mwalimu huliandika ubaoni, na kando yake huandika “heshima”. Ni sawa kabisa. Lakini mtoto huyo akifungua Biblia ya Kiingereza ya zamani, ile ya Mfalme James iliyopigwa chapa mwaka 1611, atakuta jambo la kumshangaza. Katika Matendo 10:34, Petro akiwa nyumbani kwa Kornelio, neno lenye asili hiyo hiyo latumika kueleza jambo ambalo Mungu halifanyi kamwe. Na katika Yakobo sura ya 2, neno hilo ni jina la dhambi. Je, Mungu hana heshima kwa watu? Je, Yakobo anatukataza kuheshimiana?

La, sivyo. Waingereza wa siku zile walilitumia neno hilo kwa mambo mawili. La kwanza ni heshima. La pili ni kumpima mtu kwa uso wake, mavazi yake na mali yake, kisha kumpendelea. Biblia yetu ya Kiswahili imeyatenga mambo hayo: moja ni heshima, la pili ni upendeleo. Lakini, ndugu zangu, ingawa yametengwa kitabuni, mioyoni mwetu bado yamechanganyika. Twasema tunamheshimu mtu, kumbe tunaliheshimu gari lake.

Sikieni mfano wa Yakobo. Watu wawili waliingia katika kusanyiko. Mmoja alikuwa na pete ya dhahabu na nguo nzuri, akapewa kiti kizuri. Wa pili alikuwa maskini mwenye nguo chafu, akaambiwa asimame kule, au aketi chini karibu na miguu ya watu. Mambo hayo hayakwisha zamani za mitume. Siku ya harambee ya kujenga kanisa, mgeni wa heshima akifika kwa kuchelewa, ibada husimama. Wazee huondoka mbio kumlaki, na mama mjane aliyefika tangu asubuhi huombwa kuondoka kwenye kiti chake. Kisha fedha za mgeni hutangazwa kwa kipaza sauti, na shilingi 20 za mjane huingia kapuni kimya kimya. Bwana Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina akamwona mjane wa namna hiyo, nasi twasoma habari zake katika Marko 12. Je, angekuja kwetu, angetuona tukimtazama nani?

Simaanishi kwamba tusiwape heshima wakubwa. Paulo ametuagiza katika Warumi 13:7 kumpa heshima astahiliye heshima. Kumpa mgeni kiti si kosa. Kosa ni kumwondoa mjane ili tumpe mgeni.

Basi heshima ya kweli ni nini? Neno lile la Kiingereza lilitoka katika Kilatini, na huko maana yake ni kutazama nyuma, kutazama tena. Neno letu heshima lilitoka katika Kiarabu, na huko lina maana ya haya na staha, yaani mtu kujizuia. Nasi Wakamba twasema ndaia. Ukiyaweka pamoja maneno haya ya wageni wawili utapata fundisho zuri: mwenye heshima hujizuia asihukumu kwa jicho la kwanza, kisha humtazama mtu mara ya pili. Jicho la kwanza huona nguo. Jicho la pili humwona mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Wazee wetu walijua uchungu wa kutotazamwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba, ikisema ardhi inaharibika kwa kulishwa kupita kiasi. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Maofisa waliwahesabu ng'ombe, lakini hawakumtazama mwenye ng'ombe, ambaye mali hiyo ilikuwa mahari yake na akiba yake ya siku za njaa. Ndipo Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, kutoka wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikatwa kutoka kwake mwaka 1992. Walikwenda Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa bila kumpiga mtu. Waliomba kuonana na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, mbali na watu wake, lakini serikali ililazimika kuacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi inaitwa kwa jina lake.

Watu wale walitaka ng'ombe wao, ndiyo. Lakini pia walitaka mwenye mamlaka awatazame usoni na kuwasikia. Basi je, sisi tulio wana na wajukuu wao, tutawafanyia wengine lile lililowaliza wazee wetu?

Sisi wa Kambu tunakaa kando ya njia. Malori hupita usiku na mchana, na watu wengi hupita nayo. Bartimayo naye alikuwa kando ya njia, nje ya Yeriko. Umati ulimkemea anyamaze, kwa maana jicho lao la kwanza liliona kipofu mwombaji tu. Lakini Bwana Yesu, aliyekuwa safarini, alisimama. Alimwita, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hiyo ndiyo heshima: kusimama na kuuliza.

Nani Bartimayo wetu? Ni yule dada afanyaye kazi baa, ambaye siku moja huingia kanisani akaketi benchi la nyuma, na hakuna mama amkaribiaye. Ni kijana wa lori aliyeishiwa nauli. Ni mzee asimamaye katika mstari wa chakula cha msaada wakati wa ukame, na kijana mwenye orodha mkononi humwita kwa kelele kama mtoto, ilhali Walawi 19:32 inatuagiza kumwinukia mwenye mvi.

Ndugu msikilizaji, juma hili mchague mtu mmoja ambaye umezoea kumpita. Simama. Msalimu kwa jina lake, na kama hulijui, muulize. Na Jumapili ijayo, dada yule akiingia, ondoka mahali pako ukaketi karibu naye.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe usiyependelea mtu, ulitutazama sisi tulipokuwa hatufai kitu. Utuondolee macho ya upendeleo. Utufundishe kusimama na kuwatazama wale tuliowapita. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.