Kitanda Usichokilalia: Neno la Shukrani kwa Wauguzi

Hotuba kwa viongozi wa walei na wanaparokia katika Siku ya Wagonjwa Duniani

Kila mwaka, tarehe 11 Februari, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Siku hii iliwekwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi. Tumezoea kwenda hospitali siku hiyo tukiwa na sabuni, sukari na matunda. Huwasalimu wagonjwa, husali nao, kisha hurudi nyumbani. Njiani humpita mtu mmoja aliyevaa sare, tukimwuliza tu wodi ya wanaume iko wapi. Leo tunaomba ruhusa yenu tuseme habari za mtu huyo, yaani muuguzi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaozungumza nanyi tumekilalia. Lakini kabla ya kushukuru, yatupasa kuungama.

Miaka michache iliyopita, familia moja ilileta malalamiko mbele ya kamati ya haki na amani ya parokia. Baba yao alikuwa amelazwa. Usiku aliita akitaka msaada, na muuguzi wa zamu hakufika mpaka karibu alfajiri. Tuliwasikiliza kwa huruma, tukaona uchungu wao, tukaandika barua kali kwa uongozi wa hospitali. Muuguzi yule alipewa onyo la maandishi. Tulipoarifiwa, tulifurahi kwamba haki imetendeka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza yeye mwenyewe ilikuwaje.

Mwaka uliofuata tulishikwa na maumivu makali ya ngiri. Utumbo ulikuwa umebanwa, na daktari akasema hakuna kungoja. Tukafanyiwa upasuaji usiku ule ule, katika hospitali ile ile, kisha tukalazwa siku 16. Daktari alituokoa kwa kisu chake, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo, daktari alifika kitandani mara moja kwa siku, kwa dakika chache. Saa zote nyingine tulikuwa mikononi mwa wauguzi.

Tuliyoyaona pale ndiyo tunayowaletea. Wodi ilikuwa na vitanda 24 na wagonjwa 38. Waliokosa kitanda walilala chini kwenye magodoro. Mchana walikuwapo wauguzi watatu. Usiku alibaki mmoja, pamoja na mhudumu mmoja wa usafi, tangu jua linapozama mpaka asubuhi.

Muuguzi huyo mmoja alipaswa kupima joto, mapigo ya moyo na presha ya kila aliyetoka kupasuliwa, na kuandika yote katika faili. Alipaswa kutazama dripu isiishe, kutoa dawa na sindano kwa saa zake, na kupima mkojo katika mfuko ili ajue kama figo zinafanya kazi. Mzee mmoja aliyepooza alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulalia. Mtu asiyejua hudhani kumgeuza mgonjwa ni jambo dogo. Lakini kidonda cha kulalia hula nyama mpaka mfupa, na huweza kumwua mtu aliyekuwa amepona ugonjwa uliomleta. Mzee yule alikaa wodini wiki nyingi, na ngozi yake haikuchubuka hata mahali pamoja. Wala hakuna aliyempongeza mtu kwa hilo, kwa maana kidonda kisichotokea hakionekani.

Usiku wa tatu umeme ulikatika. Tulimwona muuguzi akipita kati ya magodoro, tochi ameishika kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru, akitafuta mshipa wa kijana aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Alipomaliza alimfunika shuka, akamwambia, "Pole mwanangu, kutakucha." Kisha akaja kwetu, akagusa bandeji kuona kama damu imevuja. Tulipokuwa hatuwezi kuinuka, alituosha. Hakukunja uso, hakuharakisha, naye alituwekea pazia ili tusionwe. Ndugu zangu, mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa barazani, anapooshwa kama mtoto mchanga, hujua mara moja kama anayemwosha anamwona kuwa mtu au mzigo. Sisi tulioshwa kama watu.

Siku ya sita tulipata nguvu ya kuuliza majina. Ndipo tulipofahamu kwamba huyo aliyekuwa akisafisha kidonda chetu ndiye tuliyemwandikia barua.

Tulinyamaza siku mbili kwa aibu. Siku ya tatu tukamwambia sisi ni nani. Akajibu bila kuacha kazi yake, "Nawajua, mzee wangu. Niliwajua tangu siku mlipoletwa." Tukamwuliza usiku ule wa malalamiko kulitokea nini. Akasema mwenzake aliugua ghafla, akaachiwa wodi mbili peke yake. Katika wodi ya pili mtoto alikuwa akikata roho, naye alikaa na mama yake mpaka mwisho. "Yule baba nilimsikia akiita," alisema. "Nilichagua. Mpaka leo sijui kama nilichagua vema." Kisha akaongeza neno ambalo hatutalisahau: "Siku nyingine, kabla ya kuandika, njooni usiku mwone."

Aisifuye mvua imemnyea. Tunawasifu wauguzi kwa sababu imetunyea. Baada ya kutoka hospitali tuliirudia barua ile mbele ya kamati, tukaandika nyingine ya kuomba onyo lifutwe, tukaenda kwa ile familia kueleza. Walilia, nao wakakubali. Haki ilikuwa imechelewa. Hata hivyo, heri ifike ikichechemea kuliko kutofika kabisa.

Ndugu wapendwa, tusije tukadhaniwa kwamba tunaficha maovu. Wako wauguzi wanaowatukana akina mama katika chumba cha kujifungulia. Wako wanaoomba chai kabla ya kutoa huduma ambayo ni haki ya mgonjwa. Hayo ni makosa, tena ni dhambi, kwa kuwa yanamwumiza mtu katika saa ya udhaifu wake. Kamati zetu zisiache kupokea malalamiko ya aina hiyo. Tunachosema ni kwamba lazima tutenganishe uovu wa mtu na uchovu wa mtu, na tena tutenganishe uchovu wa mtu na dhuluma ya mpango wote. Anayepewa wagonjwa 38 peke yake hawezi kuhukumiwa kana kwamba alikuwa na watano.

Na jambo hili si la wodi moja. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2025 kwamba hesabu ya wauguzi duniani ilifikia karibu milioni 30 mwaka 2023, na kwamba bado kulikuwa na upungufu wa milioni 5.8. Upungufu huo haukugawanyika sawasawa, bali bara letu ni miongoni mwa sehemu zilizobeba mzigo mkubwa. Wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja mwezi wa Aprili 2001 waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi ni deni. Raia Mkristo ana haki, naam, ana wajibu, wa kuwauliza viongozi wake kwa adabu deni hilo limelipwa kwa kiasi gani.

Tuwakumbuke pia waliolipa kwa uhai wao. Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola uliingia katika hospitali ya Kikwit, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Watu 315 waliugua, na karibu robo yao walikuwa wahudumu wa afya. Glovu na barakoa zilikuwa haba. Masista sita wa shirika la Wapoverelle wa Bergamo walikufa kati ya Aprili na Mei mwaka ule, kwa sababu ya kuwahudumia wagonjwa na kuhudumiana wao kwa wao. Pamoja nao walikufa wauguzi wa Kikongo ambao majina yao hayatajwi sana. Muuguzi anayeingia wodini bila glovu anaingia vitani bila ngao. Kumpa ngao si hisani.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa kumwezesha kuishi kama mtu. Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alionyesha kwamba ujira wa haki ndicho kipimo cha kujua kama utaratibu mzima wa uchumi una haki. Fundisho hilo haliihusu serikali peke yake. Linazihusu hospitali na zahanati za Kanisa vilevile. Tusimwambie muuguzi kwamba kazi yake ni wito, ili tupate sababu ya kumlipa kidogo. Wito ni wa Mungu, lakini karo ya watoto wake hulipwa kwa fedha.

Turudi katika mfano wa Msamaria Mwema, sura ya 10 ya Injili ya Luka. Sote twamkumbuka Msamaria aliyefunga majeraha. Wachache humkumbuka yule mwenye nyumba ya wageni aliyeachiwa mgonjwa siku ya pili. Msamaria aliendelea na safari yake, na mwenye nyumba akabaki na kazi ya kulisha, kuosha na kukesha. Nasi tuangalie jambo jingine: Msamaria hakumwachia mzigo mtupu. Alimpa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Ndivyo tunavyopaswa kumtendea yule tunayemkabidhi wagonjwa wetu.

Basi, tufanye nini? Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila kamati inayopokea malalamiko juu ya muuguzi imsikilize naye kabla ya kuandika neno lolote. Hukumu ya upande mmoja si haki.

Pili, tunapouguza ndugu zetu tuheshimu saa za kutazama wagonjwa, tujifunze kwa muuguzi namna ya kumgeuza na kumlisha mgonjwa, na tuoshe mikono yetu.

Tatu, tusitoe hongo, wala tusimwonee haya anayeiomba. Wenye fedha wanapotoa chai, maskini wa kitanda cha jirani ndiye anayelipa, kwa kucheleweshwa.

Nne, wawakilishi wetu katika kamati za afya za vijiji, kata na hospitali waulize maswali haya kila kikao: zamu ya usiku ina wauguzi wangapi? Glovu zipo? Mishahara na posho zimelipwa kwa wakati?

Tano, tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya wauguzi. Kila jumuiya itume watu wake hospitali siku hiyo, safari hii si kwa wagonjwa tu. Waende kwa wauguzi, wawaambie asante. Asante ya punda ni mateke, nasi tumepiga mateke ya kutosha.

Kovu la upasuaji ule tunalo mpaka leo. Limenyooka, limekauka vizuri. Daktari ndiye aliyelishona, lakini lilipona chini ya mikono ya mtu ambaye tulikuwa tumemdhulumu, naye hakulisafisha kwa uangalifu mdogo zaidi kwa sababu hiyo. Kila tunapoliona tunakumbuka kwamba tunadaiwa.

Mwenyezi Mungu awape nguvu wauguzi wote walio katika zamu ya usiku huu, awape mapumziko wale watakaowapokea asubuhi, na atupe sisi moyo wa kutenda haki kwa hao wanaotutunza.

Tumsifu Yesu Kristo!