Majeraha Madogo ya Watoto

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni michubuko na majeraha madogo ya watoto wetu.

Huku Usukumani mtoto wa Shinyanga huchunga ng'ombe pekupeku, na miiba imejaa njiani. Mtoto wa Geita hucheza karibu na mashimo ya dhahabu, penye vipande vya mawe vikali kama wembe. Akichubuka goti, bibi yake humpaka majivu, au udongo, au mavi ya ng'ombe, ili damu ikatike. Bibi hana nia mbaya. Lakini vidudu vya pepopunda, visivyoonekana kwa macho, makao yao ni udongo na mavi ya wanyama. Basi ile tunayoiita dawa ndiyo iwezayo kumletea mtoto ugonjwa.

Yatupasa tufanyeje? Kwanza tunawe mikono kwa sabuni. Kisha tukandamize jeraha kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 10, bila kufunua-funua kutazama, maana kila tufunuapo damu huanza upya. Ikiisha kukatika, tuoshe jeraha kwa maji mengi yaliyochemshwa yakapoa, na kandokando kwa sabuni, mpaka mchanga wote utoke. Mtoto atalia, na alie. Maji ya mabwawa ya kuoshea dhahabu yasitumike kabisa, kwa kuwa yana tope na pengine zebaki. Mafuta ya taa nayo huunguza nyama. Mwisho tufunge kitambaa kilichofuliwa na kukaushwa juani, tukibadili kila siku, na kila kinapolowa. Jeraha likivimba, likapata moto au kutoa usaha, si kazi ya nyumbani tena.

Watu huogopa jeraha litokalo damu nyingi, wala hawaogopi tundu dogo la msumari au mwiba. Hapo twakosea. Vidudu vya pepopunda hustawi mahali pasipofika hewa, na tundu refu jembamba hujifunga juu likavificha ndani. Mtoto aliyechomwa hivyo apelekwe zahanati siku ile ile, hata kama anarukaruka, pamoja na kadi yake ya kliniki. Chanjo ya pepopunda hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka ipitavyo, na mganga wa zahanati akiitazama kadi atajua kama yafaa achanjwe tena.

Dalili za pepopunda hutokea mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati jeraha lenyewe pengine limekwisha kupona na kusahauliwa. Mtoto hushindwa kufungua kinywa, shingo hukakamaa, na mwili hushtuka kwa kelele ndogo tu. Wako wanaodhani amerogwa, wakapoteza siku mbili kwa mpiga ramli. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa pikipiki, kwa baiskeli, au kwa mkokoteni wa ng'ombe.